Tunataka kuunganisha vikundi vya kiharusi vya nchi tatu. Tuanzie wapi?

Swali

Shikamoo mtaalamu. Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Miaka minne iliyopita alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wa kulia hauna nguvu, na maneno aliyobaki nayo hayazidi ishirini. Kwa kukosa pa kuuliza, nilianzisha kikundi cha familia kama yetu, na leo tumefika hamsini na ushei. Mtandaoni nimefahamiana na viongozi wa vikundi kama chetu katika nchi nyingine mbili, na sote tumekubaliana tuunde shirika moja la kimataifa. Daktari bingwa wa ubongo amekubali kuwa mwenyekiti. Kampuni ya dawa imesema itatoa fedha za mwaka wa kwanza. Tusajili nchi gani? Katiba iweje? Na tunabishana sana kuhusu jina. Naomba mwongozo.

Jibu

Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Kuuguza kiharusi hakuna likizo, najua.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja: mumeo anasemaje kuhusu jambo hili? Sikukiona. Daktari yumo, kampuni imo, wewe umo, viongozi wa nchi mbili wamo. Yeye ametajwa kwa mkono wake na maneno yake ishirini, basi. Sikulaumu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi, mtu anayelipwa kuwasikiliza wasioweza kusema, na kosa hilohilo nimelifanya mbele ya meza ya kikao, kama nitakavyokusimulia. Nimelitanguliza kwa sababu karibu kila ulichouliza nitakupitisha mlango huohuo: je, mwenye maneno ishirini ataweza kukaa humu ndani na neno lake likahesabika?

Usajili kwanza, maana ndio wenye jibu fupi: msisajili popote kwa sasa. Linakatisha tamaa, naelewa. Pengine kuna mtu ameshachora hata nembo. Lakini shirika la kimataifa ni paa, na paa hukaa juu ya kuta. Mna kuta tatu ambazo sijui kama zimekauka. Vikundi vyote vitatu vimesajiliwa kwao? Akaunti ya benki ina watia saini wangapi? Je, kimewahi kufanyika uchaguzi ambao mwanzilishi angeweza kushindwa? Na hili linakuhusu wewe mwenyewe: ukiugua miezi mitatu, kikundi chako kitakutana? Jibu likiwa hapana, basi hakuna kikundi, kuna wewe. Ukipanda juu kwenda kimataifa, huku chini hakutabaki mtu.

Tazama wenzetu walikopita. Muungano wa Ulaya uitwao Stroke Alliance for Europe, kwa kifupi SAFE, ulizinduliwa mwaka 2004 mjini Brussels, kwenye Bunge la Ulaya. Waliokuja kuungana walikuwa mashirika yenye kazi kwao, yenye wanachama, mengine yenye miongo ya uzoefu. Nchini Italia chama cha A.L.I.Ce. kilianzia mkoa mdogo wa milimani, Aosta, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mikoa mingine ikaiga, na shirikisho la taifa likaja baada ya vyama vya mikoa kuwepo. Uingereza ndiyo inayonifurahisha zaidi. Lile linaloitwa leo Stroke Association lilianza mwaka 1899 kama chama cha kupambana na kifua kikuu. Kifua kikuu kilipolegea, chama hakikufa. Kilibeba magonjwa ya kifua na moyo, kisha kiharusi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikabaki na kiharusi peke yake. Nakutajia hilo kwa sababu si lazima mjenge nyumba mpya. Pengine katika moja ya nchi zenu kuna chama cha moyo, cha kisukari au cha watu wenye ulemavu chenye ofisi, mhasibu na jina linalojulikana wizarani. Kupanga chumba humo kwa miaka mitano si aibu. Afrika Kusini wanafanya kazi ya moyo na kiharusi chini ya paa moja.

Kuna waliokwenda njia nyingine. Ujerumani, mwaka 1993, Liz Mohn wa familia inayoongoza kampuni kubwa ya vyombo vya habari ya Bertelsmann alianzisha taasisi ya kusaidia wenye kiharusi, ikashuka kutoka juu kwenda kwa vikundi. Imefanikiwa. Lakini ilikuwa na mwanzilishi mwenye mali, na iko katika nchi ambayo sheria inaitaka mifuko ya bima ya afya ichangie vikundi vya kusaidiana. Kama hamna vitu hivyo viwili, msiige.

Sasa, kwa nini hata mvuke mpaka? Viongozi wengi niliokutana nao hawana jibu la swali hili. Wanavuka kwa sababu neno "kimataifa" linapendeza kwenye barua. Msaada wenyewe hauvuki. Mtu wa kumshika mumeo kiwiko anapojifunza kupanda ngazi lazima atoke mahali penu, na wa kukaa na wewe siku umechoka kulia anatoka mahali penu vilevile. Vinavyovuka ni vichache: ulinganisho, zana ambazo mwenzako ameshazijaribu, na sauti ya pamoja mbele ya wakubwa.

Ulinganisho ndio wenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2017 SAFE ilichapisha ripoti iliyofanywa na watafiti wa King's College London, ikiweka nchi za Ulaya bega kwa bega: nani ana wodi maalumu za kiharusi, nani anafuatilia mgonjwa baada ya kutoka hospitali, nani hana hata takwimu. Humo ndani mlikuwa na makadirio kwamba idadi ya viharusi katika Umoja wa Ulaya ingeongezeka kwa asilimia 34 kati ya mwaka 2015 na 2035, hasa kwa sababu watu wanazeeka. Mwaka uliofuata, wao na chama cha madaktari wa kiharusi wa Ulaya wakatoa mpango wa hatua wa kufika 2030. Lengo mojawapo ni kwamba wagonjwa 90 katika kila 100 watibiwe kwenye wodi maalumu. Na ndani ya mpango uleule, kando ya dawa na upasuaji, mliwekwa sura nzima ya maisha baada ya kiharusi. Sura hiyo isingekuwepo kama mezani wangekaa madaktari peke yao. Mambo ya nani atamrudisha mtu kazini, nani atamfundisha mke kuzungumza na mume asiye na maneno, hayamo katika mafunzo ya udaktari. Waziri anayeambiwa na kikundi chake kwamba huduma ni mbovu atasema bajeti haitoshi. Akioneshwa kwamba jirani mwenye bajeti kama yake anafanya, atatafuta jibu lingine.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ya pamoja iwe kuuliza maswali yaleyale katika nchi zote tatu. Msitunge maswali mapya. Ipo orodha iliyoandaliwa na wataalamu wa nchi mbalimbali na kuungwa mkono na Shirika la Kiharusi Duniani, WSO, ya kumwangalia mtu aliyekwisha kutoka hospitali. Ina maswali kumi na moja tu: kinga ya kiharusi cha pili, shughuli za kila siku, kutembea, misuli kukaza, maumivu, haja ndogo na kubwa, mawasiliano, hali ya moyoni, kumbukumbu na kufikiri, maisha kwa jumla, na uhusiano na familia. Kila kikundi kiwapitishie wanachama wake kwa miezi sita. Majina yasiandikwe, ridhaa iombwe, hesabu tu ziletwe pamoja. Mkimaliza mtakuwa na ukurasa mmoja unaosema katika nchi ya kwanza wangapi wana maumivu ya bega ambayo hayajawahi kuangaliwa, na ya pili, na ya tatu. Ukurasa huo utawafungulia milango mingi kuliko cheti cha usajili. Na mtakuwa mmejua jambo moja ambalo barua pepe haziwezi kuwaambia: ni kikundi kipi kati ya vitatu kinachomaliza kazi kilichoahidi.

Zana nazo zina mitego yake. Mfano maarufu ni dalili za hatari. Waingereza walitengeneza kifupisho FAST mwishoni mwa miaka ya 1990: uso (face), mkono (arm), usemi (speech), muda (time), herufi nne zinazotoa neno lenye maana ya "haraka". Mimi nimewahi kupewa bango lililotafsiriwa ambalo herufi za Kiingereza zilibaki kushoto na maelezo ya lugha nyingine kulia. Herufi F mbele ya neno "uso". Mzee mmoja aliniuliza F ni dawa gani. Madaktari wa China waliliona tatizo hilo wakaacha kutafsiri. Walichukua namba yao ya kuitia gari la wagonjwa, 120, wakaijaza dalili: 1 ni uso mmoja uliopinda, 2 ni mikono miwili, mmoja ukiwa dhaifu, 0 ni kusikiliza usemi, kwa sababu sifuri kwa Kichina hutamkwa kwa sauti inayofanana na neno "sikiliza". Mtu anayekumbuka dalili amekumbuka na pa kupiga simu. Kwa hiyo kipeperushi kimoja kwa nchi tatu, msifanye. Shirikianeni maudhui na makosa mliyojifunza, kisha kila mmoja atengeneze kitu chake kwa lugha yake, na kabla ya kuchapa akisomeshe kwa watu kumi wasiohusika na ugonjwa huu.

Nimekuahidi kisa. Kikao kilikuwa cha nchi nne, siku mbili. Miongoni mwa wajumbe alikuwemo mwalimu mkuu mstaafu, nitamwita Mwalimu, mwenye afasia kama mumeo: lugha imevunjika, akili iko palepale. Ajenda ilitumwa usiku wa kuamkia kikao, kurasa thelathini na nane zenye herufi ndogo. Asubuhi tulipofika kwenye mafunzo ya walezi, Mwalimu akanyanyua mkono wa kushoto. Akapewa nafasi. "Hapana," akasema. "Hapana... wa... wa..." Akafumba macho, analitafuta neno. Mtunza muda nilikuwa mimi, saa iko mbele yangu, kwa hiyo najua zilikuwa sekunde sita. Mwenyekiti akasema kwa upole kabisa, "Asante Mwalimu, nadhani tumekuelewa." Nami nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, muda umekwenda. Kipengele kikapita. Mwalimu akaushusha mkono, akauweka chini ya meza.

Wakati wa chakula alinivuta karibu, akachukua kalamu yangu, akachora saa ya ukutani kwenye karatasi ya kufutia mikono. Mishale ikionesha saa moja. Pembeni akachora kitanda. Mimi, bado sijaelewa. Akachora ndoo. Ndipo nikaelewa: mafunzo yalipangwa saa moja jioni, na saa moja jioni mlezi anamwosha mgonjwa wake na kumlaza. Wote sisi wenye ndimi nzima, na digrii zetu, hatukuliona. Mafunzo yalifanyika jioni kama yalivyopangwa, kwa sababu ukumbi ulishalipiwa. Walikuja watu wanne.

Takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaopata kiharusi hupata afasia, angalau mwanzoni. Hesabu hiyo ukiipeleka kwenye bodi ya watu tisa inatoka watatu. Ni shirika gani la kiharusi unalolijua lenye watatu? Wanaobaki kwenye bodi ni waliopona vizuri, walezi wenye ufasaha na wataalamu kama mimi, halafu tunashangaa kwa nini shirika linajua mengi kuhusu kutembea na machache kuhusu kunyamaza.

Haya ndiyo ninayotaka yaandikwe kwenye kanuni zenu, tena mwanzoni, kabla ya malengo na maono. Karatasi za kikao zifike siku kumi kabla, kila jambo lisizidi ukurasa mmoja, herufi kubwa, na mwisho wake kuwe na swali ambalo linajibika kwa ndiyo, hapana au bado. Kura ipigwe kwa kadi na si kwa mdomo peke yake, kwa sababu mwenye afasia anaweza kusema "ndiyo" huku kichwani ana "hapana". Jibu lihakikishwe mara mbili, mara ya pili kwa swali lililogeuzwa. Kila mjumbe anayehitaji awe na msaidizi wa mazungumzo aliyemchagua mwenyewe, na msaidizi huyo asiwe na kura wala maoni yake. Kama msaidizi ni mke, mama, hapo ndipo pagumu, maana mke anajua mume angesema nini, na mara nane kati ya kumi anapatia. Tatizo ni zile mbili. Kikao kisimame kila baada ya dakika arobaini na tano, kwa kuwa uchovu wa baada ya kiharusi si uvivu wala hauondoki kwa kahawa. Na mwenyekiti ahesabu kimyakimya hadi ishirini kabla ya kumkatiza mtu anayetafuta neno. Ishirini ni ndefu sana; jaribuni nyumbani leo usiku.

Kuna jambo la lugha pia. Vikao vya nchi nyingi huhamia Kiingereza au Kifaransa bila mtu kuamua. Kiharusi hakigawi hasara sawasawa kwa anayejua lugha tatu: anaweza kubaki na moja, na si lazima iwe ile ya vikao. Tafsiri ya papo kwa papo masikioni nayo huenda mbio mno kwake. Bora vikao vya nchi, vya lugha ya watu wenyewe, viamue mambo mazito, na kikao cha pamoja kiwe kifupi cha kukusanya yaliyoamuliwa.

Kama unadhani hizi ni ndoto, mwaka 1979 mjini Toronto, Pat Arato, mke wa mtu aliyepata afasia, aliona tiba ya mumewe imefika mwisho na maisha yao bado hayajafika. Alianzisha kituo, na kutoka humo ukatoka mfumo unaofundishwa leo katika nchi nyingi: kuandika maneno makuu mkiwa mnaongea, kuonesha picha, kuuliza maswali yanayojibika, kuhakikisha, na zaidi ya yote kumwonesha mtu kwamba unajua kuwa anajua. Mafunzo yake ya msingi hayahitaji mtu awe na shahada. Kikundi chako kinaweza kuanza na kalamu nene na karatasi tupu mezani kila mnapokutana.

Daktari wenu sasa. Msimkatae, na msimpe uenyekiti. Mwekeni kwenye kamati ya ushauri wa kitabibu, yenye kazi iliyoandikwa: kila andiko linalogusa dawa, shinikizo la damu au mazoezi lipite kwake kabla ya kutoka. Hiyo ni kazi ya heshima na ya hatari, kwa sababu kipeperushi kibaya kinaweza kumfanya mtu aache dawa. Mwenyekiti awe mtu aliyepata kiharusi, au wawili kwa zamu, mmoja wao akiwa na tatizo la usemi. Madaktari wazuri wanaelewa wakielezwa. Mmoja aliwahi kuniambia alikubali uenyekiti kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna kazi nyingine. Na ujue kwamba madaktari wana meza zao: WSO yenyewe, iliyoundwa mwaka 2006 kwa kuunganisha vyombo viwili vilivyotangulia, ina madaktari, watafiti na mashirika ya watu kama nyinyi. Tamko lake la haki za mgonjwa wa kiharusi la mwaka 2014 lilitokana na maoni ya waliopata kiharusi na walezi wao, na lina vichwa vitatu tu: kupata huduma bora, kupewa taarifa na kuandaliwa, kusaidiwa katika kupona. Lichukueni hilo kama dibaji ya katiba yenu mwache kubishana juu ya malengo. Barani Afrika kuna pia African Stroke Organization. Kikundi kilichosajiliwa kwao kikiomba kuingia kwenye vyombo kama hivi, huenda mkagundua kwamba nusu ya mlilotaka kujenga limeshajengwa.

Fedha za kampuni ya dawa. Wapo watakaokwambia usiziguse kabisa. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu nimeona mashirika masafi yakifa njaa. Lakini fedha za mwaka wa kwanza kutoka mfuko mmoja ni kitanzi: mwaka wa pili mtakuwa na mfanyakazi, kodi ya ofisi na hofu ya kuwaudhi. Ulaya, tangu mwaka 2007, shirikisho la kampuni za dawa, EFPIA, lina kanuni kuhusu jambo hili, na mnaweza kuzidai popote mlipo: mkataba uwe wa maandishi, kiasi kitangazwe hadharani, kampuni isidai kuwa mfadhili pekee, wala isigeuze maandishi yenu kwa faida ya biashara yake. Ongezeni la kwangu: mfadhili yeyote wa kibiashara asizidi robo ya mapato yenu, na asijue ajenda kabla ya wanachama. Kampuni ikikataa masharti haya, imewajibu. Ikikubali, wapeni kitu kimoja cha kulipia chenye mwanzo na mwisho, kwa mfano uchapaji wa matokeo ya maswali kumi na moja. Na siku mkipata fedha za mshahara wa kwanza, ajirini mtunza hesabu kabla ya mkurugenzi. Nimeona wakurugenzi wawili hodari wakizama kwa kukosa mtu wa kuhifadhi risiti.

Baada ya mwaka mmoja au miwili ya kazi ya pamoja, mkiwa bado mnapendana, rudini kwenye usajili. Hadi hapo makubaliano ya kurasa tatu yanatosha: nani mwenyeji wa fedha za pamoja, nani anasema na vyombo vya habari, mtu anatokaje. Mkisajili, chagueni nchi ambayo sheria yake inaruhusu wajumbe wa bodi kutoka nje, inayopokea fedha za nje bila vikwazo, na ambayo kikundi chake ndicho chenye hesabu safi kuliko vyote. Mara nyingi haiwi nchi ya aliyetoa wazo, na hapo ndipo urafiki hupimwa. Kura iwe moja kwa kila nchi, hata kama mmoja ana wanachama mia tano na mwingine thelathini, angalau mkiwa bado watatu; mdogo akishindwa kila mara ataondoka. Orodha za wanachama zibaki kwao, zisivuke. Jina la mtu likiwa kwenye orodha yenu, tayari umesema ana ugonjwa gani. Ulaya sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la kulindwa zaidi, na hata kwenye nchi isiyo na sheria kama hiyo mwajiri anajua kusoma orodha. Picha hali kadhalika: aliyekubali kupigwa picha akiwa wodini aulizwe tena akishapata nafuu.

Jambo moja watu hawapendi kuliandika. Kiongozi wenu anaweza kupata kiharusi kingine. Nchini Marekani karibu kimoja kati ya viharusi vinne humpata mtu ambaye si mara yake ya kwanza. Kila cheo kiwe na naibu anayejua nywila, anayejua benki, na aliyewahi kuongoza kikao angalau mara mbili. Wewe nawe utafute naibu. Walezi huanguka kimya, na huwa wa mwisho kuhesabiwa kwenye takwimu za mtu yeyote.

Limebaki jina, ambalo naona mmelibishania kuliko vingine vyote. Andikeni majina yote mnayobishania kwenye karatasi, kila moja kwa herufi kubwa kwenye karatasi yake. Muwape wanachama wenye afasia wa vikundi vyote vitatu, mmojammoja, bila haraka, na muwaombe walisome kwa sauti, au waliguse lile wanaloweza kulikumbuka kesho yake. Mumeo awe wa kwanza. Jina asiloweza kulitamka yeye, liondoeni mezani.